Pua si geji
Gesi ikikatwa kwa matengenezo, tuseme kwenye nyumba za Mikocheni, Dar es Salaam, zinazopikia gesi asilia ya bomba, hakosi mtu wa kusema: “Fungulia tu, ikivuja tutanusa.” Sivyo. Gesi asilia haina harufu. Ile unayoisikia huongezwa, na pua huizoea upesi. Kabla ya kufungulia, fundi hulitenga jiko na bomba, hujaza bomba hewa au naitrojeni (oksijeni kamwe!), kisha huikodolea macho geji, yaani kipimo cha presha. Nayo iwe ya vipimo vidogo. Ile ya tairi la lori haishtuki kwa tundu la sindano. Mshale ukishuka, povu la sabuni huonyesha kiungo kinachovuja. Jua likichoma bomba mshale hupanda wenyewe, kwa hiyo fundi husubiri joto litulie kwanza.