Michezo ya Days of Wonder kwa jicho la mcheza bao

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimepata mtu anakuja kutoka Ulaya, nimwagize sanduku gani?" Ni swali zito. Michezo ya mezani ya kisasa haijazagaa madukani kwetu, na sanduku moja hula nusu ya begi. Mtu akikubali kukubebea, ujue kakuheshimu. Huwezi kuagiza matano ukajaribu moja moja. Unaagiza moja, nalo lisipochezeka litakaa juu ya kabati mpaka liliwe na mchwa.

Siku hizi jibu langu huanza na jina la kampuni kabla ya jina la mchezo: Days of Wonder. Sababu yenyewe si ile ambayo wapenzi wa michezo wa huko ng'ambo wangeitaja kwanza.

Mimi huendesha meza ya michezo kila Jumamosi jioni hapa Unguja. Wanaokuja ni mchanganyiko: vijana wa chuo, walimu wawili wastaafu, dereva wa lori aliyehamia kutoka Iringa, na wazee wa bao ambao karata huziona mambo ya watoto. Kiingereza chao hakilingani. Basi mchezo hata uwe mtamu vipi, kila kadi ikiwa na mistari minne ya Kiingereza mimi nageuka mkalimani, na mtu akishanong'onezwa maana ya kadi yake, siri yake imekwisha. Jirani kamtazama usoni, kajua. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: nikishaeleza kanuni kwa Kiswahili mara moja, je, ninaweza kunyamaza?

Kwa kipimo hicho kampuni hii inapita wengi. Ilianzishwa mwaka 2002, mguu mmoja California na mwingine Paris, na tangu mwanzo ikauza kwa lugha nyingi kwa pamoja. Ukiuza hivyo, kila neno unaloliondoa kwenye ubao na kuliweka picha ni neno usilolipia kulitafsiri na kulichapa upya. Naamini hesabu hiyo ya kibiashara ndiyo inayotufaidi sisi ambao hatukuwa kwenye orodha ya lugha zao. Halafu hawatoi michezo kwa pupa. Mwaka unaweza kupita na mchezo mmoja mpya, au miwili, na vifaa vyake vikawa vya kushikika. Hata baada ya kununuliwa na Asmodee, kampuni kubwa ya michezo ya mezani, mwaka 2014, mwendo huo haujabadilika sana.

Ulioipa jina ni Ticket to Ride, kazi ya Alan R. Moon, uliotoka mwaka 2004 na mwaka huohuo ukachukua Spiel des Jahres, tuzo kubwa ya michezo ya Ujerumani. Kampuni ilikuwa na umri wa miaka miwili. Una ramani ya miji na njia za reli, una vibehewa 45 vya plastiki, una kadi za rangi mkononi. Zamu yako unafanya jambo moja tu kati ya matatu: uchukue kadi, au ulipe kadi za rangi moja na kutandaza vibehewa vyako kwenye njia, au uvute tiketi mpya. Tiketi ni siri yako: inakutajia miji miwili ya kuunganisha. Ukiunganisha unapata pointi, ukishindwa zinakatwa.

Maelezo ni hayo. Wastaafu wangu waliyashika kabla chai haijapoa. Utamu uko kwenye jedwali la pointi: njia ya behewa moja ni pointi 1, ya matatu ni 4, ya sita ni 15. Kwa hiyo unavutwa kungoja, ukusanye kadi ziwe sita, na wakati unangoja yuko mtu upande wa pili wa meza naye anaitazama njia hiyohiyo. Mwalimu mmoja alikaa zamu nne na kadi tano za kijani mkononi. Ya sita ilipofika, njia ilikuwa imeshakwenda.

Ramani ya kwanza ni ya Marekani. Mimi nakushauri uanze na ile ya Ulaya, iliyofuata mwaka 2005. Kwenye ramani ya Marekani ukizibiwa njia umezibiwa, na wageni wengine hununa. Ya Ulaya ina stesheni tatu kwa kila mchezaji: unaweka stesheni kwenye mji na kuazima njia ya mwenzako moja iingiayo hapo. Ina pia mahandaki. Ukitaka kupita unafunua kadi tatu za juu, na kila iliyolingana na rangi yako inakudai nyongeza. Hapo meza nzima husimama. Tena majina ya miji yameandikwa kienyeji, Wien, Roma, Athina, Lisboa, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayatamka vilevile yalivyo. Jambo dogo, lakini linampa mtu ujasiri.

Iko pia ramani ya Afrika, The Heart of Africa, ya mwaka 2012, inayohitaji uwe tayari na vibehewa vya sanduku kuu. Kama mchezo ni mkali: njia za rangi moja zimerundikwa sehemu moja, hivyo wote mnagombea kadi zilezile, na kuna kadi za mandhari za kukuzidishia pointi mara mbili. Ila bara letu limechorwa kwa macho ya zama za wapelelezi na wamisionari, sisi tukiwa pori la kupitishia reli. Nimeicheza, naisifu kwa ufundi, na huwa siitoi kwanza.

Small World (2009, Philippe Keyaerts) nitaupitia haraka. Dunia ni ndogo kwa makusudi, na kila idadi ya wachezaji ina ubao wake, ili msitoshe. Unachagua kabila kati ya 14, lililoshikamana na kipaji kimoja kati ya 20 kwa bahati ya kuchanganywa, unateka maeneo, na kila eneo linakulipa sarafu moja kwa zamu. Kisha kabila linachoka, limetapakaa, halina nguvu ya kusonga. Ufundi wote ni kujua lini kuachia ngazi: unaligeuza kabila lako chali, linaendelea kukulipa kidogo pale lilipo, nawe unachukua jipya. Wanaoshindwa mchezo huu kwangu karibu wote ni wa aina moja, wanang'ang'ania kabila lililokwisha kwa sababu wameshalizoea. Majina ya makabila yameandikwa kwa Kiingereza, lakini picha zinatosha mkishacheza mara mbili.

Memoir '44 na Shadows over Camelot siwezi kuvipendekeza kwa meza yangu, ingawa ni michezo mizuri. Wa kwanza, wa Richard Borg, unahusu vita vya mwaka 1944 na hasa ni wa watu wawili. Wa pili una wapiganaji wa mfalme Arthur wanaosaidiana huku huenda mmoja wao ni msaliti. Vyote viwili vina kadi zenye maandishi, na kumnong'oneza msaliti maana ya kadi yake ni sawa na kumpigia mbiu.

Sasa Heat: Pedal to the Metal, wa mwaka 2022, wa Wadenmark wawili, Asger Harding Granerud na Daniel Skjold Pedersen. Mbio za magari za miaka ya 1960, wachezaji mmoja hadi sita. Nilidhani hautanipendeza, kwani nimeona michezo mingi ya magari iliyo dadu tupu. Huu hauna dadu. Gia yako ndiyo idadi ya kadi unazocheza: gia ya kwanza kadi moja, gia ya nne kadi nne, na jumla ya namba zake ndiyo nafasi utakazosogea. Kila kona ina kikomo cha mwendo. Ukipita kikomo kwa namba mbili, unalipa kadi mbili za joto kutoka kwenye injini yako.

Hapa ndipo ufundi wao ulipo. Joto ulilolipa halipotei. Linaingia kwenye kadi zako ulizokwisha kucheza, zikichanganywa upya linakurudia mkononi, na ni kadi mfu: huwezi kuicheza wala kuitupa. Mkono unajaa moshi. Dawa ni kushuka gia: ya pili inapoza kadi moja, ya kwanza inapoza tatu, kadi hizo zikarudi kwenye injini. Kwa hiyo wakati mwingine unatembea kwa gia ya kwanza huku wenzako wanakupita, ukijua mbele kuna kona tatu mfululizo. Ukifika konani huna joto la kulipa, gari linazunguka, unarudishwa nyuma ya kona, unaanza tena na gia ya kwanza.

Lugha yetu ilishauandalia mchezo huu neno lake. Gari limechemsha, na aliyeshindwa naye kachemsha. Dereva wangu wa Iringa hakuhitaji kuelezwa habari ya gia. Alisema mtu aliyeteremka mlima Kitonga na mzigo anajua kuwa breki si ya kutegemea, unajipanga juu kabla hujaanza kushuka. Alitushinda siku ya kwanza. Mkiwa wawili au watatu, yapo magari yanayojiendesha kwa kufunua kadi, na yanatosha kuwatia presha.

Lakini kama begi la mgeni lina nafasi ya sanduku moja tu na wewe ni mtu wa bao, chukua Five Tribes.

Bruno Cathala aliutoa mwaka 2014, na moyo wake ni bao. Vigae 30 vimepangwa mistari mitano ya sita, na juu ya kila kigae pana vidoli vitatu vya mbao, jumla 90, vya rangi tano: mawaziri wa njano, wazee weupe, wafanyabiashara wa kijani, wajenzi wa buluu na wauaji wekundu. Zamu yako unakomba vidoli vyote vya kigae kimoja na kuvipanda kimoja kimoja njiani. Huendi mshazari wala hurudi papo hapo ulikotoka. Sharti ni moja: kidoli cha mwisho lazima kitue penye mwenzake wa rangi yake. Ukituliza, unakusanya vyote vya rangi hiyo kigaeni, na rangi ndiyo inayosema utafanya nini. Wa kijani wanakupa bidhaa, wa buluu wanakupa sarafu kwa kuzidisha idadi yao na vigae vya buluu vinavyowazunguka, wekundu wanamwondoa mtu wa mbali. Kigae kikibaki kitupu, unaweka ngamia wako: ni chako.

Mcheza bao ataona undugu mara moja, kwani na kwetu kete ya mwisho ndiyo yenye kauli. Ataona na tofauti. Katika bao kete 64 hazitoki ubaoni, zinahama upande. Hapa zinazokusanywa zinaondoka moja kwa moja, hivyo uwanja unakauka kadiri mnavyocheza, na mwishoni unatafuta hatua halali kama mtu anayetafuta sindano. Tena hakuna kuendelea: mzee wangu wa bao, kila akituliza kidoli cha mwisho, mkono wake ulikuwa unataka kukomba na kusonga mbele. Ilibidi nimshike mkono mara tatu.

Kinachowachanganya wengi ni mnada. Kila duru mnanunua nafasi ya kucheza kwanza, kuanzia bure hadi sarafu 18, na sarafu ni pointi. Wageni hununua kwa fahari. Mimi huwaambia: angalieni hatua nzuri ya kwanza na ya pili, tofauti yake ndiyo bei. Mkiwa wawili kila mtu ana zamu mbili kwa duru, nawe unaweza kuzinunua zikafuatana, ya kwanza ukapanga na ya pili ukavuna. Kwa hiyo mimi huupenda zaidi watu wakiwa wawili. Wakiwa wanne kila kitu kiko wazi mbele ya kila mtu, watu wanawaza mpaka adhana.

Maandishi hamna. Hata majini, ambao unawaita kwa kulipa wazee wako na kila mmoja ana uwezo wake, wamechorwa alama tu. Ukurasa mmoja wa tafsiri ya alama hizo niliuandika mwenyewe na kuuweka katikati ya meza.

Liko jambo moja la kuangalia. Chapa ya kwanza ilikuwa na kadi za watumwa, unazozitumia kama malipo na kuzitupa. Wachezaji wa huko walilalamika, na chapa zilizofuata zikaweka mafakiri mahali pao, kazi ileile kwa jina jingine. Wako waliosema ni kelele bure, mchezo ni hekaya za masultani. Mimi naishi mwendo wa dakika chache kutoka Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na mezani kwangu hukaa watu ambao majina ya babu zao yalibadilishwa pale. Siwezi kumwambia mmoja wao atoe mtumwa mmoja alipie jini. Kwa hiyo ukinunua sanduku lililokwishatumika, kabla hujatuma pesa mwambie muuzaji akupigie picha ya kadi hizo 18 uone ni zipi.