Ricciarelli: biskuti za lozi za Krismasi kutoka Siena

Ricciarelli ni biskuti laini za lozi za mji wa Siena, katika jimbo la Toscana nchini Italia, na msimu wake mkubwa ni Krismasi. Hazina unga wa ngano wala siagi. Ni lozi zilizosagwa, sukari na ute wa yai, pamoja na harufu ya ganda la chungwa au limau. Kila moja ina umbo la yai lililochongoka pande mbili. Juu imefunikwa sukari ya unga iliyopasuka nyufa, ndani ina unyevu. Ikikauka mpaka ndani, hata kama ni tamu, haistahili tena jina hilo. Tangu 2010 jina "Ricciarelli di Siena" linalindwa na Umoja wa Ulaya, na wanaouza kwa jina hilo lazima wazitengeneze katika eneo la Siena.

Kwa vipande kama 16 andaa gramu 250 za lozi zilizomenywa, gramu 200 za sukari ya unga, ute wa mayai mawili (kama gramu 70), ganda la chungwa moja lililokwaruzwa, na matone machache ya arki ya lozi. Weka kando gramu 50 nyingine za sukari ya unga za kufunikia. Harufu ile kali ya lozi chungu itoke kwenye arki tu. Lozi chungu mbichi zina sumu, usizisage.

Kazi huharibikia kwenye kusaga. Lozi zilizomenywa kwa maji ya moto zikaushwe kwanza, dakika 15 kwenye oveni ya nyuzi 100, kisha zipoe kabisa. Zisage pamoja na sehemu ya sukari, kwa kuwasha na kuzima mashine. Sukari hunyonya mafuta. Ukiiacha mashine izunguke mfululizo, lozi hupata joto, hutoa mafuta na kugeuka uji mzito, na biskuti zitatoka nzito bila nyufa. Hapo hakuna dawa, anza upya.

Piga ute hadi utoe povu jepesi tu, si lazima usimame. Changanya na lozi, sukari iliyobaki, ganda na arki. Usimwage ute wote kwa mara moja, maana mayai hayalingani ukubwa. Donge linalofaa hunata vidoleni lakini halitiririki. Lifunike, liweke kwenye friji usiku mzima, ili lozi zinywe unyevu na donge likubali kufinyangwa.

Siku ya pili nyunyiza sukari ya unga mezani, viringisha donge kama mwanzi, kata vipande vya gramu 30, vibonyeze viwe na unene wa sentimita moja na nusu. Vifunike kwa sukari nyingi, uvipange kwenye trei yenye karatasi ya kuokea. Huko Siena wengine huweka chini yake kipande cha ostia, yaani kaki nyembamba inayolika. Viache wazi kwa saa moja.

Saa hiyo moja ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoleta nyufa. Uso hukauka na kuwa gamba; donge likivimba kwenye oveni, gamba haliwezi kutanuka, hupasuka. Uso ukiwa bado mbichi, biskuti hutanuka ikawa bapa na sukari huyeyuka.

Oka kwa nyuzi 150, dakika 18 hadi 20. Zibaki nyeupe. Zikianza kuwa za kahawia juu, umeshachelewa. Ukizigusa zikiwa moto zitaonekana hazijaiva. Usizirudishe ndani, kwani huimarika zikipoa. Ziache juu ya trei hadi zipoe, ndipo uzihamishe kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Zikilala wazi usiku mmoja huwa ngumu; zikifungwa vizuri hukaa laini kwa wiki nzima.