Kukwepa uthibitishaji: programu ya fedha inapoacha kuuliza "Nani?"

Ukifika nyumbani kwa mtu unapiga hodi. Aliye ndani, hasa usiku, hafungui papo hapo, huuliza kwanza, "Nani?" Unajitaja, sauti yako inakushuhudia, ndipo komeo linaondolewa. Programu za kompyuta zina swali hilohilo, nalo huitwa uthibitishaji: mfumo unahakikisha kwamba anayetaka kuingia kweli ndiye anayedai kuwa. Jina la mtumiaji ni kule kujitaja. Nywila, alama ya kidole au namba inayotumwa kwenye simu ndiyo sauti inayoshuhudia.

Baada ya hapo linakuja swali la pili: huyu tuliyemtambua anaruhusiwa kufanya nini? Huo ni uidhinishaji, na watu huuchanganya sana na ule wa kwanza. Katika idara ya fedha tofauti yake inaonekana wazi. Mhasibu msaidizi anaandaa hati ya malipo lakini hawezi kuipitisha. Mkubwa wake anaipitisha lakini hakuiandaa. Mikono hiyo miwili hutenganishwa makusudi ili wizi uwe mgumu. Ila utaratibu wote huo umejengwa juu ya swali la kwanza. Mfumo usipojua nani yuko mbele yake, hauna wa kumpa ruhusa wala wa kumnyima.

Kukwepa uthibitishaji, basi, ni kufika ndani bila kuulizwa. Watu wakisikia mfumo umeingiliwa, wazo la kwanza ni nywila iliyoibwa au iliyobahatishwa. Hayo hutokea, na sana, lakini ni jambo jingine. Katika udhaifu huu nywila za watumishi wote zinaweza kuwa ndefu, ngumu, zinazobadilishwa kila mwezi, na zisisaidie chochote, kwa sababu mvamizi hapiti pale zinapoulizwa.

Anapitaje? Programu kubwa ya kupanga bajeti na kuendesha hesabu za kampuni haina mlango mmoja. Ukurasa wa kuingilia anaoufungua mhasibu asubuhi ni mmoja tu. Nyuma yake kuna huduma za kubadilishana taarifa na benki, za kutoa ripoti, na za mafundi wanaousimika mfumo. Kila huduma ina anwani yake, na kompyuta nyingine inaweza kuiita moja kwa moja bila kuugusa ukurasa ule. Mtengenezaji akijiambia kwamba huku nyuma hafiki mtu ila fundi, akaacha kuweka ulinzi, nyumba inabaki na mlango wa chuma barazani huku uani kuko wazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni wa mwaka 2020, katika programu za SAP, kampuni ya Ujerumani ambayo mifumo yake inaendesha hesabu, mishahara, ununuzi na maghala ya mashirika makubwa duniani. Watafiti wa kampuni ya usalama ya Onapsis waligundua kasoro katika SAP NetWeaver, upande unaotumia Java (lugha ya kuandikia programu), ambao ni msingi unaobeba programu kadhaa za SAP. Ndani yake kulikuwa na huduma ya kusaidia mafundi kusanidi mfumo mpya, na huduma hiyo haikuwa inauliza chochote. Aliyeweza kuifikia kwa mtandao alituma ombi la kawaida la wavuti, bila jina na bila nywila, akiagiza: tengeneza mtumiaji mpya, mpe mamlaka ya msimamizi mkuu. Mfumo ulitii. Kisha mtu huyo alirudi barazani, akaingia kwa jina na nywila alizojitungia mwenyewe, na safari hii akathibitishwa kihalali kabisa.

Kasoro hiyo ilisajiliwa katika orodha ya kimataifa ya kasoro za usalama kwa namba CVE-2020-6287, Onapsis wakaipa jina RECON, na ikapata alama 10 kati ya 10 za ukali. SAP ilitoa kiraka, yaani marekebisho ya programu yanayoziba kasoro, Julai 2020. CISA, wakala wa Marekani wa usalama wa mtandao, ulitoa tahadhari ukitaka kiraka kiwekwe mara moja, kwanza kwenye seva zinazoonekana kutoka intaneti. Asiyeweza aizime huduma ile, na kama kazi hiyo ingechukua zaidi ya saa 24, mfumo ufuatiliwe kwa karibu sana.

Haraka hiyo inaeleweka ukiangalia ankara moja tu. Mzabuni ameleta mzigo kweli, stoo wamepokea, ankara ni sahihi, kiasi ni sahihi, mkuu wa fedha amekagua na kuidhinisha. Kitu kimoja tu kimebadilika: katika kumbukumbu za mzabuni, namba ya akaunti ya benki si yake tena. Hakuna aliyeghushi saini. Watu wote wametimiza wajibu wao, na fedha zimekwenda kwa mwizi. Mwenye mamlaka ya msimamizi anaweza kufanya badiliko hilo, akasoma na mishahara ya wafanyakazi, kisha akafuta kumbukumbu za mfumo ambazo mkaguzi angezitegemea kumtafuta.

Tena kiraka chenyewe kikitangazwa huwa kinamwonyesha mdukuzi pa kutazama. Katika ripoti ya Aprili 2021 iliyotolewa kwa pamoja na SAP na Onapsis, ilielezwa kwamba baadhi ya kasoro nzito za SAP zilianza kutumiwa na wavamizi ndani ya saa 72 tangu kiraka kitoke. Najua kwa nini ofisi za fedha huchelewa. Mwisho wa mwezi hesabu zinafungwa, na hakuna anayetaka seva izimwe wakati huo. Bado naona ni kosa. Saa chache za mfumo kuzimwa zina gharama inayohesabika. Msimamizi asiyejulikana ndani ya vitabu vyako hana kikomo.

Kuna jambo linalosahaulika mara nyingi, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kiraka kinafunga mlango, hakimtoi aliyekwisha kuingia. Akaunti iliyotengenezwa Jumatatu inaendelea kufanya kazi Ijumaa, baada ya kiraka kuwekwa Jumatano. Kwa hiyo fundi akimaliza kuweka kiraka, kazi iliyobaki ni ya kukaa chini na orodha ya akaunti zote zenye mamlaka makubwa: hii ni ya nani, ilifunguliwa lini, nani aliomba ifunguliwe, na barua au tiketi ya ombi iko wapi. Akaunti isiyo na mwenyewe inafungwa siku hiyohiyo. Kisha wahasibu nao wanachukua orodha ya namba za benki za wazabuni zilizobadilishwa tangu kasoro itangazwe, na wanampigia kila mzabuni kwa namba ya simu iliyo kwenye mkataba wa karatasi, kwa sababu ile iliyo ndani ya mfumo inaweza kuwa imebadilishwa pia.