Mkondo si mzunguko: ni nini hasa kilichodhoofu baharini

Wiki iliyopita nilikaa kwenye semina ya wakulima wa viazi pale Uyole, Mbeya, na kwa mara ya tatu mwaka huu nikasikia maneno yaleyale: "Zamani mkondo wa bahari ulisimama, dunia nzima ikaganda." Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, amejifunika kitenge mabegani kwa baridi ya asubuhi, akanyoosha mkono. Akauliza kama mkondo huo ukisimama tena, viazi vya huku milima ya Uporoto vitaishia kwenye sakitu, ule umande unaoganda, mwaka mzima. Mtoa mada akasema ndiyo. Mama akainama, akaandika jibu lile kwenye daftari lake. Liliniuma, kwa sababu aliliandika.

Maana kwanza, kwa ufupi. Mkondo wa bahari ni maji yanayokwenda upande mmoja, kama mto uliomo ndani ya bahari. Mzunguko wa bahari ni safari nzima: maji ya juu yanakwenda nchi za baridi, yanazama, yanarudi chinichini, kisha yanapanda tena mbali na yalikozamia. Kilichogeuza tabianchi ya zamani ni huo mzunguko.

Kiswahili chenyewe kimeshatutenganishia mambo haya. Tunasema shule ina mikondo mitatu: watoto wanaingia kidato cha kwanza, wanapita, wanatoka. Tunasema mkondo wa umeme, mkondo wa maji mtoni. Mkondo ni kupita, na hauahidi kurudi. Mzunguko umetoka kwenye kuzunguka, na ndani yake kurudi kumo. Damu ina mzunguko. Pesa ina mzunguko, na mfanyabiashara yeyote wa Mwanjelwa analijua hilo. Akisema "mzunguko umekuwa mgumu" hana maana kwamba hakuna noti inayopita barabarani. Mabasi bado yanajaa, nauli zinalipwa, vocha zinanunuliwa. Anachosema ni kwamba pesa iliyotoka mkononi mwake kwenda kwa mkulima wa Uyole haimrudii kama ilivyokuwa ikirudi. Mtu anayesikia kauli hiyo akaenda kutangaza kuwa noti zote zimesimama atakuwa hakumwelewa kabisa. Na ndivyo tunavyoifanyia bahari.

Tofauti ya pili iko kwenye kinachosukuma. Mikondo mikubwa ya juu ya bahari husukumwa hasa na upepo. Watu wa pwani walilijua hili kabla ya kitabu chochote cha jiografia, kwani hata maneno yetu ya kaskazini na kusini yametoka kwenye pepo mbili, kaskazi na kusi. Upepo ule ukigeuka, mkondo wa pwani ya Somalia nao hugeuka, kila mwaka. Mkondo wa Ghuba, ule unaotajwa sana kwenye semina, unaotoka pande za Ghuba ya Meksiko na kupanda kandokando ya Marekani, nao unategemea upepo na kujizungusha kwa dunia. Maadamu upepo unavuma na dunia inazunguka, mkondo huo utakuwepo. Kwa hiyo anayesema ulisimama anasema jambo ambalo bahari haiwezi kulifanya kirahisi.

Mzunguko wa Atlantiki una jambo la ziada: uzito wa maji. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nikibeba jagi la kioo darasani. Namimina maji ya kawaida hadi nusu. Kwenye kikombe nakoroga maji ya baridi na vijiko viwili vya chumvi, nayatia rangi ya rozela ili yaonekane, kisha nayateremsha polepole kwenye ukingo wa jagi. Wekundu haukai juu. Unateleza ukutani mwa jagi, unalala chini, na juu yake maji yanabaki meupe. Darasa hunyamaza kidogo, kisha kila mtu anataka kurudia. Kaskazini mwa Atlantiki hutokea hilohilo kwa ukubwa usiosemeka: maji yenye chumvi nyingi yanapozwa, yanakuwa mazito, yanazama. Vipimo vinavyochukuliwa katikati ya bahari hiyo tangu mwaka 2004 vinaonyesha karibu mita za ujazo milioni 17 kwa sekunde zikishiriki safari hiyo. Mito yote ya dunia ukiichanganya haifikii hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Na maji yanayozama leo yanaweza kuchukua karne nyingi kabla ya kuona jua tena.

Sasa chukua jagi lile na ulifunike kwa maji matamu, yaani yasiyo na chumvi. Maji matamu ni mepesi, hata ukiyapoza hayazami kwa urahisi. Enzi ya barafu ilipokuwa inaisha, barafu kuu iliyofunika Kanada ilikuwa inayeyuka na kumwaga maji matamu Atlantiki, na maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba hayo ndiyo yaliyodhoofisha kuzama. Miaka kama 12,900 iliyopita baridi ilirudi kaskazini na kukaa zaidi ya miaka 1,000. Kipindi hicho kimepewa jina la dryas, ua dogo la nchi za baridi ambalo masalia yake yalikutwa kwenye tope la zamani kule Skandinavia. Kilipoisha, miaka kama 11,700 iliyopita, Greenland ilipata joto la takriban nyuzi 10 zaidi ndani ya miongo michache tu. Jambo kama hilo, dogo zaidi, lilitokea tena miaka 8,200 iliyopita, ziwa kubwa la maji ya barafu lilipopasuka na kumwagikia baharini.

Lakini "dunia nzima" haikuganda. Bahari haiwashi joto wala haizimi, inalihamisha tu. Mzunguko ukidhoofu, joto ambalo lingepelekwa kaskazini hubaki kusini, ndiyo maana Greenland ilipopoa, Antaktika ilikuwa inapata joto. Kati yao, mkanda wa mvua wa tropiki ulisogea kusini.

Na hapa ndipo jambo linapofika nyumbani. Mwaka 2002 jarida la Science lilichapisha utafiti wa tope lililotolewa chini ya upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, upande wetu wa Kyela na Matema, lenye kumbukumbu ya miaka 25,000. Humo mna maganda ya vijimea vidogo vya majini, maganda yaliyo kama kioo. Katika vipindi vile vya baridi ya kaskazini maganda hayo yanaongezeka. Upepo wa kutoka kaskazini ulivuma kwa nguvu zaidi juu ya ziwa, ukasukuma maji ya juu kuelekea kusini, na maji ya kina yenye rutuba yakapanda pale Matema kulisha vijimea hivyo. Mimi nimesimama kwenye mchanga ule mara nyingi nikitazama mitumbwi ikirudi asubuhi. Kujua kwamba chini ya maji yale kuna alama ya bahari iliyo mbali kiasi hicho hunifanya nitulie pale muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtoa mada, najua ulikuwa na dakika 20 na chumba kilichochoka. Sema tu "mzunguko wa Atlantiki ulidhoofu", na badala ya "dunia iliganda" sema "kaskazini kulipoa, na kwetu upepo na mvua vilibadilika njia". Yule mama wa kitenge nitamtafuta siku ya gulio. Sakitu anayoiogopa, ile ya Juni na Julai inayoacha majani ya viazi meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, huletwa na usiku wa mbingu safi hapahapa milimani, na nitamwomba aandike hivyo chini ya lile jibu la kwanza.