Anayekupiga picha siye anayeandika majibu

Hili linaleta mzozo karibu kila siku hapa idara ya mionzi hospitalini. Mtu kashapigwa eksirei ya kifua, hata shati hajafunga vifungo, anauliza "dokta umeona nini?" akiambiwa subiri ripoti ananuna, anahisi kafichwa ugonjwa.

Aliyekupiga ni radiografa, kwenye ajira wanaitwa mteknolojia wa mionzi. Diploma yake ni miaka 3, wengine wana digrii kabisa, na lazima awe amesajiliwa na baraza lao. Watu wanadhani anabonyeza kitufe tu, lakini ile kuambiwa ukumbatie lile bao linalonasa picha kifua kikiwa mbele ina sababu, moyo uko upande wa mbele so ukilisogelea bao hauonekani mkubwa kuliko ulivyo. Na "vuta pumzi, ibane" siyo mbwembwe, ukivuta kidogo mapafu hayafunguki na moyo unaweza kuonekana umevimba wakati ni mzima. Yeye ndo anapanga mionzi kulingana na mwili wako, mtoto hapewi sawa na baba yake. Kile kidude anachovaa kifuani siyo kitambulisho, kinapima mionzi inayompata yeye kazini.

Anayesoma picha sasa na kuandika majibu ni daktari bingwa wa radiolojia. Udaktari miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1, halafu ubingwa miaka 3, pale MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, kwa mfano. Na hasomi picha peke yake, anasoma na fomu ya daktari aliyekutuma, ndo maana fomu iliyoandikwa "eksirei ya kifua" basi haimsaidii kama iliyoandikwa "anakohoa wiki 3, anatoka jasho usiku".

Ultrasaundi ndo inachanganya watu, kule anayekupima anaangalia palepale huku anasogeza kile kifaa, so mara nyingi unatoka na majibu yako mkononi.

Ukienda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kwenye tiba ya mionzi kuna mwingine ambaye wagonjwa wengi hawamwoni hata sura, mfizikia tiba, anayehakiki hesabu za dozi ili uvimbe upate ya kutosha na viungo vya jirani visiungue.

Picha za zamani msizitupe jamani, hata za hospitali nyingine njoo nazo, maana kidoa kwenye pafu ambacho kipo vilevile tangu miaka 2 iliyopita bingwa anakisoma tofauti kabisa na ambacho mwaka jana hakikuwepo.