Msamiati wa juu wa Kiingereza: dhana potofu na ukweli wake

Kuanzia mwanafunzi wa Malimbe anayeandika utafiti hadi karani wa kiwanda cha minofu ya sangara anayejibu barua pepe za wanunuzi wa Ulaya, Mwanza ina watu wengi ambao Kiingereza cha sekondari hakiwatoshi tena. Bidii wanayo. Kinachowachelewesha ni imani chache walizozikuta darasani na kuzibeba hadi kazini.

Dhana: Msamiati wa juu ni maneno adimu.

Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma. Familia ni neno pamoja na yale yanayotokana nalo, mfano "analyse", "analysis", "analytical". Familia hizo peke yake ni takriban asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya kitaaluma, na nyingi si ngeni: "assess", "derive", "significant". Zimalize hizo kwanza.

Dhana: Ukijua maana, umelijua neno.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukisoma kwamba "notorious" ni "maarufu", kisha ukaandika kuwa kampuni yako ni "notorious" kwa minofu, umemwambia mnunuzi kuwa ina sifa mbaya. Neno hilo huandamana na uhalifu, ajali na rushwa.

Kila neno lina wenzake. Upepo mkali wa ziwani ni "strong wind", lakini mvua kubwa inayoufuata ni "heavy rain", wala si "strong rain". Uamuzi Waingereza hawau-"do", wanau-"make". Anayetimiza masharti ya usafi kiwandani "complies with the regulations". Ukiweka "to" badala ya "with", barua nzima inapoteza uzito. Kanuni za sarufi hazitakuonya kuhusu makosa ya namna hii, kwa sababu ni mazoea ya lugha. Kwa hiyo usiandike neno pekee daftarini. Liandike na wenzake wawili na kihusishi chake, ukiwatoa kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi, maana hiyo hutoa sentensi za mfano.

Dhana: Soma chochote, maana utaibahatisha.

Kubahatisha kunafanikiwa pale unapojua karibu asilimia 98 ya maneno ya ukurasa. Jipime: chukua gazeti la Kiingereza, hesabu maneno 100 mfululizo. Usiyoyajua yakiwa mawili au pungufu, endelea kusoma. Yakizidi matano, tafuta maandishi mepesi zaidi, la sivyo utabahatisha vibaya na kosa litakuganda kichwani.

Dhana: Mizizi ya Kigiriki na Kilatini hufungua kila neno.

Husaidia kukumbuka, si kukisia. Ripoti za Ziwa Victoria zimejaa neno "eutrophication". Vipande vyake ni "vizuri" na "lishe", ungedhani ni habari njema kwa samaki. Kumbe ni maji kulishwa naitrojeni na fosforasi kupita kiasi, mwani ukastawi na oksijeni ikapungua.

Dhana: Jifunze visawe na vinyume kwa pamoja.

Maneno mapya yanayofanana maana huchanganyana. Yatenganishe kwa wiki mbili hivi.

Dhana: Kariri maneno 30 kwa siku.

Fanya hesabu kwanza. Njia nzuri ni kadi: karatasi ya manila ya A4 hutoa kadi nane. Mbele andika sentensi yenye pengo. Nyuma andika neno, silabi inayokazwa na wenzake. Ziweke kwenye visanduku vitano, uzirudie siku ya 1, 3, 7, 14 na 30. Ukikosea, kadi inarudi kisanduku cha kwanza. Kila kundi linarudi mara tano, hivyo baada ya mwezi maneno 30 kwa siku yanakudai marudio 150 kila siku, bila kuhesabu uliyokosea. Hapo ndipo watu huacha. Maneno manane yanakudai marudio 40, kazi ya robo saa hivi, ambayo unaweza kuifanya ukisubiri daladala Buzuruga. Ukiruka siku mbili tatu, usiongeze kadi mpya mpaka umalize zilizolala.