Skrubu ya throto bodi si dawa ya silensa

Gari la EFI, yaani lenye kompyuta inayopima mafuta ya injini, linapozimika kwenye foleni, au silensa yake (kasi ya injini bila kukanyaga mafuta) inapopanda na kushuka, wapo mafundi wanaokimbilia skrubu ya throto bodi (mlango wa hewa ya injini) wakiamini kuwa inafanya kazi ile ile ya skrubu ya kabureta. Sivyo.

Katika injini hizi kasi ya silensa, ambayo injini ikishapata moto mara nyingi huwa kati ya mizunguko 650 na 850 kwa dakika, hupangwa na kompyuta kwa kufungua au kubana vali ndogo ya hewa, au kipepeo chenyewe (kibao kinachofungua na kufunga throto bodi) pale kinapoendeshwa kwa mota. Skrubu ile hupimwa kiwandani ili kipepeo kisikwame kwenye ukuta wake. Ukiikaza, kipepeo hubaki wazi kidogo, na sensa yake inaweza kuiarifu kompyuta kwamba dereva amekanyaga mafuta. Hapo udhibiti wa silensa huachwa, na gari lililokuwa likizimika sasa linanguruma ovyo.

Anza na masizi kwenye kipepeo, kisha hewa inayopenya kwenye paipu iliyopasuka au gasketi ya manifodi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda). Mashine ya kupima ikionyesha kompyuta inaongeza mafuta kwa, tuseme, asilimia 20 kwenye silensa, na nyongeza hiyo ikakaribia sifuri kwenye mizunguko 2,500, shuku uvujaji wa hewa kabla ya kununua nozeli za kupulizia mafuta. Kipimo hiki hufaa zaidi kwa injini zenye sensa ya wingi wa hewa. Zinazotegemea sensa ya mgandamizo wa manifodi mara nyingi hupandisha silensa tu.